Vifuko vinavyoita damu: jibu kwa mwalimu wa Kadutu kuhusu eksosomu na kanseri ya tumbo

Swali limetoka Kadutu, hapa Bukavu, kwa mwalimu wa shule ya msingi. Nimelifupisha kidogo:

"Jambo sana Dokta. Baba yetu ana miaka 61. Mwezi uliopita walimfanyia fibroskopi (kamera ya kupitishwa mdomoni hadi tumboni), wakakata kipande, jibu likarudi kwamba ni kanseri ya tumbo. Mdogo wangu aliye Lubumbashi amesoma kwamba uvimbe hutoa vitu vinavyoitwa eksosomu, na kwamba hivyo ndivyo vinavyouletea mishipa ya damu. Sasa kuna mtu mjini anasema ana serumu ya eksosomu itakayorudisha tumbo la baba kama zamani, dola 1200 kwa kuchomwa mara tatu. Tunafikiria kuuza parseli yetu, kiwanja cha Bagira. Je, ni kweli eksosomu zinalisha kanseri? Kama zinailisha, mbona tena zinauzwa kama dawa? Na kuna kipimo cha damu cha kuziona, ili sisi watoto tujipime?"

Jambo sana, Mwalimu, na pole kwa ugonjwa wa mzee. Nianze na parseli kwa kuwa ndiyo yenye haraka: msiiuze kwa ajili ya serumu hiyo. Fedha ya baba ina kazi nyingine, nitaitaja chini. Lakini sitaki mniamini kwa sababu tu mimi ni daktari. Swali lako la pili, la kitu kimoja kulisha ugonjwa na tena kuuzwa kama dawa, limegusa mahali penyewe. Tukilifuata hatua kwa hatua utaona mwenyewe kwa nini ninakataa.

Tuanze na kiu ya uvimbe. Karibu kila seli ya mwili inaishi jirani na kamshipa kadogo ka damu, kwa sababu oksijeni ikitoka kwenye mshipa haifiki mbali: ni kama sehemu moja au mbili za kumi za milimita, basi. Uvimbe unaoanza hauna mishipa yake. Unakula makombo ya majirani mpaka ufike unene wa milimita 1 au 2, halafu seli za katikati zinaanza kukosa hewa. Mwaka 1971 daktari mpasuaji wa Marekani, Judah Folkman, aliandika kwamba uvimbe hauvuki kipimo hicho mpaka uvute mishipa mipya, na kwamba tukiizuia mishipa hiyo tutaushikisha njaa. Wenzake wengi hawakumsadiki. Leo ni msingi wa somo zima.

Wewe wa Kadutu mfano wangu unaujua kabla sijausema. Watu wanajenga juu kilimani, bomba la maji halijafika. Siku za kwanza watoto wanapanda na bidoni. Nyumba zikiongezeka, mtu mmoja anashuka kuunga mpira wake kwenye bomba la chini. Keshokutwa jirani anaunga wa kwake juu ya ule wa kwanza. Mwaka ukiisha, mlima mzima una mipira iliyosokotana, kila kiungo kinavuja, robine ya juu inatoa matone na udongo wa chini umelowa hadi unateleza. Mishipa ya uvimbe iko hivyo. Imepindapinda, kuta zake zina nafasi, damu inapita ovyo. Ndiyo sababu mojawapo ya uvimbe wa tumbo kuvuja damu kidogo kidogo, mgonjwa akapauka na kuchoka miezi mingi kabla mtu hajafikiria kanseri, au akapata choo cheusi kama lami na watu wakasema ni vidonda tu.

Sasa, uvimbe unaitaje mpira? Njia ya kwanza inajulikana vizuri. Ndani ya kila seli kuna protini inayoitwa HIF. Oksijeni ikiwepo, HIF inavunjwa mara tu inapotengenezwa. Oksijeni ikipungua, haivunjwi. Inaingia kwenye kiini cha seli na kuamsha jeni za dharura. Waliofumbua jambo hilo, Kaelin, Ratcliffe na Semenza, walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2019. Miongoni mwa jeni zinazoamshwa kuna ya VEGF, protini inayotoka nje ya seli na kuelea hadi kwenye mshipa wa jirani. Seli za ukuta wa ndani wa mshipa zikiipokea kwenye mlango wake, zinaanza kugawanyika, zinachipua, na chipukizi linakua kuelekea kule wito ulikotoka.

Kwa muda mrefu tulifundishwa kana kwamba hadithi inaishia hapo. Mdogo wako amesoma sehemu ya pili.

Mwaka 1983 makundi mawili ya watafiti, moja la Marekani na moja la Kanada, yalikuwa yakichunguza chembe nyekundu changa za damu. Waliona seli inakusanya protini isizozihitaji tena, inazifunga kwenye vifuko vidogo mno, na kuvitoa nje. Rose Johnstone wa Montreal ndiye aliyevipa jina la eksosomu, mwaka 1987. Wengi walidhani ni taka, seli inafagia nyumba yake. Mwaka 2007 kundi la Göteborg, Sweden, likaonyesha kwamba ndani ya vifuko hivyo mna RNA, yaani maandishi ya seli, na kwamba seli nyingine ikivipokea inaweza kuyasoma. Hapo taka iligeuka barua.

Kuhusu ukubwa wake: eksosomu ina nanomita 30 hadi 150. Ukizipanga 70 hivi katika mstari, ndipo utavuka upana wa chembe moja nyekundu ya damu. Haichipui tu kutoka kwenye ngozi ya seli. Inaundwa ndani kabisa, kwenye kijifuko kikubwa kinachojazwa vifuko vidogo kama gunia lenye vifungu vya karanga. Gunia linasogea hadi ukutani, linaungana na ukuta wa seli na kumwaga vifungu nje. Na jambo hili ulishike, Mwalimu, tutalihitaji mbele: karibu kila seli yenye afya inafanya hivyo. Eksosomu zimo kwenye damu yako, mate yako, mkojo, hata maziwa ya mama. Kifuko chenyewe hakina ubaya wala uzuri. Kinabeba alichotia aliyekituma.

Seli ya kanseri iliyokosa hewa hutoa vifuko vingi kuliko kawaida. Ndani mna protini, mna mafuta, na mna vipande vifupi vya RNA vinavyoitwa mikroRNA, ambavyo ugunduzi wake uliwapa Victor Ambros na Gary Ruvkun Nobel ya mwaka 2024. MikroRNA ina tabia moja inayoshangaza wanafunzi wangu kila mwaka: haiamrishi kitu kijengwe. Inanyamazisha. Inashika ujumbe wa jeni fulani na kuuzuia usigeuke protini. Basi seli ya mshipa iliyotulia ina breki zake, protini zinazoiambia ikae kimya, isigawanyike. Kifuko kinaingia, mikroRNA inatoka, breki inakatwa, na mshipa unaanza kuchipua.

Kwenye kanseri ya tumbo, ya mzee wenu, watafiti wameonyesha mikroRNA iitwayo miR-130a ikisafiri kwenye eksosomu kutoka seli za kanseri hadi seli za mshipa na kuishusha protini ya c-MYB; nyingine, miR-135b, ikifanya hivyo kwa FOXO1. Kila mara matokeo ni yale yale: seli za mshipa zinajipanga kuwa mirija mipya. Kwenye kanseri ya umio, ambayo inasumbua sana ukanda wetu wote wa mashariki ya Afrika, kuna taarifa za namna hiyo pia.

Kinachonikosesha usingizi zaidi ni utumbo mpana na ini. Mwaka 2018 ilionyeshwa kwamba eksosomu za kanseri ya utumbo mpana hubeba miR-25-3p, nayo hunyamazisha KLF2 na KLF4, breki mbili za seli za mishipa. Breki moja ikikatwa, mlango wa VEGF unaongezeka na mishipa inachipua. Nyingine ikikatwa, viungo vinavyoshikanisha seli za ukuta vinalegea, mshipa unakuwa kama kikapu kilichofumuka. Na hilo halikutokea kwenye uvimbe peke yake. Kwenye panya, mishipa ya ini na ya mapafu ililegea pia, yaani mahali ambapo kanseri bado haijafika. Mwaka huohuo kundi jingine lilieleza kanseri ya ini ikituma miR-103 na kufungua viungo vya mishipa kwa namna inayofanana. Na kwa kongosho, mwaka 2015, ilionekana eksosomu zikitangulia hadi kwenye ini, zikipokelewa na seli za ulinzi za huko, na kulitayarisha ini kama mtu anayetanguliza wajumbe wa kusafisha kiwanja kabla hajahamia. Kwa miaka mingi tumewaona wagonjwa waliokatwa uvimbe vizuri, kisha baada ya mwaka ini limejaa. Vifuko hivi havielezi yote, lakini vinaeleza kitu.

Hapa sina budi kusema ukweli wote. Sehemu kubwa ya haya imeonekana kwenye sahani za maabara na kwenye panya. Tena kuna hesabu iliyochapishwa mwaka 2014 ambayo kila anayesoma habari hizi angeijua: watafiti walihesabu mikroRNA moja moja na kukuta kwamba, hata kwa aina iliyo nyingi, unahitaji zaidi ya eksosomu 100 kwa wastani ili upate nakala moja tu. Kwa hiyo ukisoma kwamba kimikroRNA fulani ndicho "kinachojenga" mishipa ya kanseri fulani, pokea kwa tahadhari. Mimi naamini mchango wa vifuko ni wa kweli, lakini ni wa vitu vingi kwa pamoja, protini za juu ya kifuko zikiwemo, na sidhani kuna jeni moja tutakayoiondoa mambo yakaisha.

Hizo protini za juu zina habari yake. VEGF niliyoitaja haielei tu peke yake; nyingine husafiri ikiwa imeshikamana na ngozi ya kifuko. Dawa ya bevasizumabu ni kingamwili inayokamata VEGF njiani. Iliidhinishwa Marekani mwezi wa Februari 2004 kwa kanseri ya utumbo mpana iliyosambaa, baada ya jaribio ambalo nusu ya wagonjwa waliopewa dawa hiyo pamoja na kemoterapia waliishi zaidi ya miezi 20.3, dhidi ya 15.6 kwa waliopewa kemoterapia peke yake. Ndoto ya Folkman ilitimia, ila kwa kipimo kidogo kuliko alivyotumaini. Mwaka 2019 ilionyeshwa maabara kwamba VEGF iliyoshikamana na vifuko vidogo inaendelea kuchochea mishipa hata dawa hiyo ikiwepo. Dawa inakamata barua za wazi. Zile zilizobandikwa kwenye mfuko zinapita.

Kwa tumbo, bevasizumabu haikurefusha maisha vya kutosha kwenye jaribio lake kubwa. Iliyofanya kazi ni ramusirumabu, ambayo haihangaiki na barua, inaziba mlango wenyewe kwenye seli ya mshipa. Tangu mwaka 2014 inatumika pale kemoterapia ya kwanza inapochoka: pamoja na paklitakseli, dawa ya kemoterapia, nusu ya wagonjwa waliishi zaidi ya miezi 9.6, dhidi ya 7.4 kwa paklitakseli tupu. Miezi miwili. Nakuandikia takwimu hizi bila kuzipamba kwa sababu hizi ndizo dawa za kweli za kuzuia mishipa, zilizojaribiwa kwa mamia ya watu. Atakayekuahidi kwamba tumbo litarudi kama zamani, mlinganishe na miezi hiyo miwili.

Sasa turudi kwenye swali lako. Mbona zinauzwa kama dawa?

Kwa sababu kifuko kinabeba alichotia aliyekituma. Eksosomu zilizokusanywa kutoka seli shina, yaani seli zinazoweza kuzaa seli za aina nyingine, kwa mfano za uboho wa mifupa, zimesaidia wanyama wa maabara kufunga vidonda na kuotesha mishipa kwenye moyo uliokosa damu. Watafiti wanaoheshimika wanafuatilia hilo. Wauzaji wamelichukua neno hilo na kulitembeza. Lakini angalia wanachosifia: kuotesha mishipa, kuamsha seli zigawanyike, kutuliza kinga ya mwili. Kwa mtu aliyeungua mguu, huenda siku moja ikawa baraka. Kwa baba yenu, ambaye ana uvimbe tumboni unaotafuta damu mchana na usiku, ni kuupelekea mpira wa maji juu kilimani kwa fedha yenu wenyewe. Na hili limejaribiwa. Mwaka 2012 watafiti wa China walichanganya eksosomu za seli shina za uboho na seli za kanseri ya tumbo, wakazipandikiza kwa panya. Uvimbe ulikua zaidi, na VEGF ikapanda.

Hakuna bidhaa yoyote ya eksosomu iliyoidhinishwa na mamlaka ya dawa ya Marekani kutibu ugonjwa wowote. Mwezi wa Desemba 2019 mamlaka hiyo ilitoa onyo kwa umma baada ya wagonjwa waliodungwa bidhaa hizo kupata madhara makubwa. Zipo eksosomu zinazotengenezwa kupambana na kanseri, hilo sikatai. Kuna jaribio la kituo cha MD Anderson huko Houston ambako vifuko vimepakiwa RNA ya kuzima jeni moja ya kanseri ya kongosho, na kuna kundi lililopakia RNA ya kuzima HGF, protini ya kuchochea ukuaji, likapunguza mishipa ya kanseri ya tumbo kwa panya. Hizo ni barua zilizoandikwa upya kwa makusudi, kwa mgonjwa aliyepimwa jeni au kwa panya wa maabara, chini ya uangalizi. Hazimo kwenye chupa ya mtu anayepita nyumba kwa nyumba.

Ukitaka kumpima muuzaji bila ugomvi, mwulize anahifadhi wapi. Ili kuzipata eksosomu maabara huzungusha maji kwenye mashine yenye nguvu mara 100,000 ya mvutano wa dunia kwa zaidi ya saa moja, kisha huziweka kwenye friji ya nyuzi 80 chini ya sifuri. Wewe unaujua umeme wa Bukavu.

Nasema kwa ukali kidogo kwa sababu ya mama mmoja niliyempokea miaka kadhaa iliyopita. Alikuwa na kanseri ya tumbo iliyogunduliwa mapema kuliko kawaida yetu, ya kukatwa. Familia yake, watu wa upendo na heshima, waliambiwa kuna matone ya kusafisha damu. Waliyafuata kwa miezi minne. Aliporudi, tumbo lilikuwa limejaa maji na kisu hakikuwa na kazi tena. Hakuna aliyemdhulumu kwa chuki. Ila miezi minne ile ilikuwa yake, na hakurudishiwa.

Basi fedha ya baba. Kwanza skaneri ya kifua na tumbo, ili ijulikane uvimbe uko palepale au umetoka. Jibu la skaneri ndilo litakaloamua kama mpasuaji ataitwa, na kama kemoterapia itangulie kabla ya kisu, jambo ambalo mara nyingi linasaidia. Pimeni damu yake. Kama imepungua, itibiwe sasa, mwili usio na damu hauhimili upasuaji wala dawa. Ale kidogo kidogo mara nyingi, samaki wadogo wa sambaza, mayai, uji mzito, chochote anachokipenda kinachokaa. Kama mtashauriwa kuvuka Ruzizi, huko Rwanda kuna kituo cha kanseri cha Butaro kinachofanya kazi tangu 2012. Nendeni na karatasi zote, msiende mikono mitupu. Kama parseli itauzwa, iuzwe kwa ajili ya hayo, na baada ya kupewa makadirio kwa maandishi.

Kipimo cha damu cha eksosomu kwa ninyi watoto: hakipo cha kutumainiwa. Mwaka 2015 ilitangazwa kwamba protini ya GPC1 juu ya eksosomu inaweza kufichua kanseri ya kongosho mapema sana. Tulifurahi wote, kisha maabara nyingine zikashindwa kupata matokeo safi kama yale. Lakini msikae bure. Tumbo lina adui anayepimika kwa bei nafuu: bakteria Helicobacter pylori, aliyetajwa rasmi kuwa msababishi wa kanseri tangu 1994. Madaktari wa milima hii, Kivu, Rwanda na Burundi, wameiona kanseri ya tumbo kwa wingi tangu zamani, na ninyi mmekula sahani moja na baba tangu utotoni. Kila mmoja wenu apimwe, kwa choo au kwa pumzi. Kile cha damu cha haraka kinaweza kuonyesha bakteria aliyeondoka miaka mingi. Atakayekutwa naye amalize dawa zote siku zote alizoandikiwa, kisha apimwe tena si chini ya wiki nne baadaye. Na aliyevuka miaka 40 kati yenu, au mwenye maumivu ya tumbo yasiyoisha, afanyiwe fibroskopi.

Jambo la mwisho, la wiki hii hii. Kile kipande walichokata kwa baba kimehifadhiwa maabara ndani ya kibonge cha nta. Ombeni kisitupwe, na mwulize kama kimepimwa HER2, protini ya juu ya seli za kanseri, kwa sababu wachache wenye alama hiyo wana dawa yao ya ziada. Nitumie picha ya karatasi ya jibu, jina la baba likiwa limefunikwa, nami nitakuonyesha mstari wa kuangalia.